Chuo cha jamii kianzishe akademia ya zimamoto, au kazi hiyo iachiwe vikosi?

Mleta mada
Wakuu, tujadili kwa hoja. Huko Marekani vyuo vya jamii (vyuo vya umma vya ada nafuu, hasa vya miaka miwili) vinafungua akademia za zimamoto: mwanafunzi anajilipia ada na kuhitimu na vyeti vya Zimamoto I na II (ngazi mbili za mwanzo za kazi hiyo) kabla hajaajiriwa. Wapinzani wanasema kurutu afundishwe na kikosi kitakachomwajiri, tena akiwa kwenye mshahara. Mimi nasema chuo kianzishe, ila kisijenge jengo la mazoezi ya moto halisi mwaka wa kwanza. Kikodi.

Ngazi_Tatu
Nadharia haina shida, chuo kinaiweza. Kasheshe ni siku ya moto halisi. NFPA 1403, kiwango cha Marekani cha mazoezi ya moto halisi, inataka mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wasiozidi watano. Darasa la watu 30 linakula wakufunzi sita, na hapo hujamgusa ofisa usalama, anayewasha moto wala mwendesha pampu. Ongeza timu ya kuokoa waokoaji na wahudumu wa dharura, unakaribia watu 15 kwa siku moja. Sasa mkuu wa idara aliyezoea mwalimu mmoja kwa darasa zima la hisabati akipanga bajeti, unategemea nini? Atapunguza siku za moto, na wanafunzi watahitimu wakiwa wameona miali mara mbili tu.

MpiraMkavu
@Ngazi_Tatu umesahau maji. Kila mpira wa maji uwe na uwezo wa kutoa angalau lita 360 kwa dakika, na ule wa akiba usitegemee chanzo kimoja cha maji na ule wa kushambulia moto. Pampu moja ikizima, walio ndani wasibaki mikono mitupu.

Na msidanganyike na nyumba chakavu za kupewa bure. Februari 2007 huko Baltimore kurutu alifariki mazoezini katika nyumba tupu iliyowashwa moto sehemu kadhaa, wakati 1403 inaruhusu moto mmoja tu kwa wakati ndani ya nyumba ya aina hiyo. Kuni ni mapaleti makavu na nyasi kavu, basi. Mbao zilizotiwa dawa, mpira, plastiki, godoro: marufuku. Godoro la povu linaweza kukipandisha chumba hadi kiwake chote kabla mkufunzi hajamaliza sentensi.

Kalamu_Nyekundu
Napinga, na sababu yangu si ya kiufundi. Kurutu aliyeajiriwa akiungua analindwa na fidia ya wafanyakazi. Mwanafunzi wa chuo kwa kawaida si mfanyakazi, kwa hiyo hospitali atalipiwa na nani? Bima ya ajali ya wanafunzi ina ukomo, na wakala wa bima akisikia "moto halisi" anaanza kusoma vighairi. Tena ada inawafungia mlango vijana wasio na uwezo, wale wale ambao kikosi kingewalipa wakiwa mafunzoni.

Mleta mada
@Kalamu_Nyekundu hoja ya bima naikubali: mkataba wa bima usomwe kabla ya tangazo la kwanza kutoka. Ila kumbuka takriban theluthi mbili ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea. Hao hawana mwajiri wa kuwalipa wakakae darasani mchana kutwa. Wanahitaji jioni na Jumamosi, na chuo kinajua kuendesha ratiba hiyo.

Ngazi_Tatu
Sawa, ila hao wa jioni watavaa nini? Vikosi vitawapa mavazi yaliyostaafu. Mavazi yakifikisha miaka 10 tangu yatengenezwe, viwango vya NFPA vinayaondoa kazini. Unaweza kuyatumia kwa ngazi na kamba, si kwa moto. Mtu akiyachanganya kwenye kabati moja, siku ya moto kuna mmoja atayavaa. Yapigwe alama kubwa mgongoni na yakae chumba tofauti.

Mitungi ya hewa nayo: iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni hupimwa kwa shinikizo kila miaka mitano, na mingi inatupwa ikitimiza miaka 15. Ukipewa ya miaka 13 umepewa mzigo. Soma tarehe kwenye lebo kabla ya kusema asante.

Bi_Ratiba
Jambo dogo linalokwamisha wengi: kipimo cha barakoa. Sheria ya OSHA (wakala wa usalama kazini wa Marekani) inataka kila mtu apimwe kwa barakoa ya aina na saizi atakayovaa, kila mwaka, na ndevu zisipite kwenye ukingo wa barakoa. Hili liandikwe kwenye fomu ya kujiunga. Mkingoja wiki ya tatu mtagombana na mtu aliyeshalipa ada.

Kalamu_Nyekundu
Bado cheti. Vikosi vingi vinawafundisha upya hata hao wahitimu wenu.

MpiraMkavu
@Kalamu_Nyekundu vinafundisha upya mbinu zao na mipira yao, ndiyo. Lakini cheti chenye ithibati ya IFSAC au Pro Board (mashirika yanayothibitisha vyeti vya zimamoto) kina nafasi kubwa ya kutambuliwa jimbo jingine. Chuo kikitoa cheti chake tu, hapo nakuunga mkono: ni karatasi.

Mleta mada
Tugeukie mkataba wa kukodi jengo. Mambo matatu yaandikwe: nani anatengeneza vigae vya kinga vikipasuka kwa joto, ada ya siku iliyoahirishwa kwa upepo au katazo la kuchoma inakwendaje, na maji machafu yanaelekea wapi. Mwenye mfano wa mkataba uliosainiwa auweke hapa, majina yafutwe.