Mjadala: Darasa la nne wamesoma nini muhula huu, na je, si mengi kupita kiasi?

Baba wa Wawili, Makorora

Ndugu wazazi na walimu wa Tanga, nawasalimu. Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 umefungwa, nami nimeyapitia madaftari ya wanangu wawili, mmoja wa darasa la nne na kaka yake wa darasa la tano. Huyu wa darasa la nne yumo katika mtaala mpya ulioanza Januari 2024. Katika Hisabati amezidisha namba za tarakimu mbili, amejumlisha sehemu zenye asili moja na ameandika namba za Kirumi. Katika Kiswahili kuna imla, ufahamu, methali na insha mbili fupi, na Kiingereza kimeishia kwenye salamu na sentensi za mambo ya kila siku. Sayansi imegusa viumbe hai, usafi wa maji na kipindupindu. Jiografia na Mazingira imekuwa dira na ramani ya darasa, na Historia ya Tanzania na Maadili imekuwa alama za Taifa na uongozi wa jadi. Sanaa na Michezo ina kurasa nne tu, zote za kuchora, na kipindi cha Dini hakina daftari.

Linalonitia wasiwasi ni hili. Kwa mtaala huo mpya, mdogo atamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, na kaka yake, aliye katika mtaala wa zamani, atamaliza darasa la saba mwaka huohuo, kisha wote wawili wataingia kidato cha kwanza Januari 2028, mmoja akiwa amesoma miaka saba na mwingine sita. Je, kwa masomo yote haya, muhula unatosha, au tuombe yapunguzwe ili machache yashikwe sawasawa? Kwa pembeni tu niseme kwamba nimeshangaa kuona mtoto amehifadhi Juzuu Amma yote, ile juzuu ya mwisho ya Kurani, sura 37, ilhali jedwali la kuzidisha la saba linamshinda. Huenda chuo cha Kurani cha jioni kinamla muda wa kuyarudia ya shule.

Ustadhi wa Jioni, Ngamiani

Baba wa Wawili, nimeisoma barua yako yote kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye hilo la pembeni, na hapo ndipo nilipojua kwamba ndilo lililokuleta. Mtoto anakaa shuleni tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, kwangu anakaa saa moja na nusu, na bado mimi ndiye mwizi wa muda wake. Kama kwa saa moja na nusu anahifadhi sura 37, na kwa saa sita hashiki jedwali lenye mistari kumi na miwili, basi ungeuliza upande wa pili unafanya nini.

Mwalimu wa Zamu, Pongwe

Upande wa pili upo hapa, Ustadhi, na unajibu. Kwanza, Baba wa Wawili, sisi hatumkaushi mtoto kwa masomo kama anayeanika mkonge, tunafuata muhtasari tuliopewa na kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania. Pili, mwaka wa masomo una siku 194, hivyo muhula mmoja ni siku 97 hivi, na humo ndani kuna mitihani ya katikati, mitihani ya kufunga muhula, sherehe na siku ambazo mvua za masika zimejaza maji barabarani watoto wasifike. Tatu, kipindi ni dakika 40. Kanuni inasema darasa moja liwe na wanafunzi 45, lakini mimi nina 120, na ukigawanya dakika hizo kwa vichwa hivyo kila mmoja anapata sekunde 20, kabla hata sijafuta ubao. Ustadhi, wewe wako ni wangapi?

Ustadhi wa Jioni, Ngamiani

Wangu ni sabini na kidogo, wa rika zote, chini ya paa moja, na sina msaidizi anayelipwa na serikali. Wakubwa huwasikiliza wadogo, nami huwasikiliza wakubwa. Labda siri ni hiyo.

Mstaafu wa Chumbageni

Enzi zetu jedwali la kuzidisha lilisemwa kwa sauti moja kila asubuhi, kuanzia la pili hadi la kumi na mbili, na aliyekwama alibaki amesimama. Hakukuwa na mitaala ya kubadilika kila Rais anapobadilika. Tulisoma, tukalima shamba la shule, tukafuga kuku, na hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1974. Watoto wa siku hizi wanapewa somo la Sanaa na Michezo, yaani somo la kupumzikia.

Mama wa Mabawa

Shikamoo Mzee wangu. Kwa heshima zote, Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 lilikuwa Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977. Na hao walioingia kwa wingi wakati ule ndio mlioanza kuwafundisha kwa walimu waliofunzwa harakaharaka, basi tusisifu kila kitu cha zamani.

Lakini kwa hoja yenyewe, binti yangu anajua kuimba kwamba saba mara tano ni thelathini na tano, na haikosei hata ukimwamsha usingizini. Nilimtuma anunue mafungu saba ya dagaa, kila fungu shilingi 500, akaniomba kalamu. Ndiyo maana sikubaliani na Mstaafu wala na Ustadhi, kwa sababu wote wawili mnasifu kuhifadhi, na mtaala unadai umahiri, yaani mtoto atende kwa alichokisoma.

Mstaafu wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Mwaka si hoja, hoja ni kwamba tulilima. Isitoshe, huyo binti angekuwa hakuliimba jedwali, hata kalamu isingemsaidia.

Ustadhi wa Jioni, Ngamiani

Mama wa Mabawa, hakuna aliyesema chuoni tunahifadhi tu. Mtoto anafundishwa herufi, irabu, mahali pa kutolea sauti, kisha namna ya kutawadha na kuswali, na anayatenda mbele yangu siku hiyohiyo. Kama huo si umahiri, nieleze umahiri ni upi.

Mpita Njia wa Raskazone

Mimi sioni ugomvi hapa, ninaona ajira. Mpeni Ustadhi jedwali la saba alitie katika mahadhi ya kaswida, na kabla ya Maulidi ijayo Tanga nzima itakuwa inajua saba mara nane. Wangu wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, wanalisema jedwali kwa lugha ya watu, na wanakwama palepale penye saba mara nane.

Mwalimu wa Zamu, Pongwe

Unafanya mzaha, ndugu, lakini umegusa jambo ambalo Mstaafu ameliita la kupumzikia. Kuimba, kufinyanga, kuchora na kukimbia ni sehemu ya Sanaa na Michezo, na mwalimu mwenye akili hulipeleka jedwali huko, hupeleka maumbo ya Hisabati kwenye ufinyanzi, na hupima mita mia moja kwa watoto wenyewe kukimbia. Kinachotuzuia ni upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mwishoni mwa mwaka. Mzazi akifika ofisini haulizi kama mwanawe anafinyanga, anauliza amekuwa wa ngapi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini nyumbani kwenu mashindano yanaendelea.

Mama wa Mabawa

Mwalimu, tusirushiane mpira. Anayemla mtoto muda wake si chuo wala upimaji, ni masomo ya ziada. Elimu bila ada imeanza Januari 2016, na bado kuna shule, sitaitaja, ambako mtoto wa darasa la nne huambiwa aje na shilingi 500 kila siku ili afundishwe mchana kile ambacho hakufundishwa asubuhi, na asiye nayo hukaa nje akichora mchanga. Nikipiga hesabu ya wiki, ni 2,500. Binti yangu hiyo hesabu aliipata bila kalamu.

Mwalimu wa Zamu, Pongwe

Dada, hilo limeniuma, na nitalijibu bila kuzunguka. Mimi sikusanyi mia tano ya mtoto wa mtu. Nabaki na wale wasiojua kusoma vizuri, bure, kwa sababu kuna watoto wanaofika darasa la nne huku herufi zikiwachanganya, na huwezi kumfundisha mtoto wa namna hiyo dira na uongozi wa jadi kwa kusoma kitabuni. Hao hawahitaji masomo mapya, wanahitaji Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ya darasa la kwanza na la pili. Unapozungumza kuhusu walimu wote kwa mwenendo wa wachache, unawapa wazazi sababu ya kuwachukua watoto hao mapema.

Ustadhi wa Jioni, Ngamiani

Ada yangu ya mwezi mzima haifiki hiyo 2,500 ya wiki, na asiye nayo hakai nje.

Mpita Njia wa Raskazone

Ustadhi leo hakamatiki.

Baba wa Wawili, Makorora

Ndugu zangu, sikulenga kumgusa mtu. Naomba turudi kwenye miaka sita na miaka saba. Mwanangu mkubwa ana Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili na Stadi za Kazi, mdogo hana hata moja kwa majina hayo. Sera inasema elimu ya lazima sasa ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo huenda yale yaliyoondolewa yatasomwa mbele. Lakini wote wawili wataketi katika kidato cha kwanza kimoja, na huko lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ilhali daftari la Kiingereza la mdogo ndilo jembamba kuliko yote.

Mstaafu wa Chumbageni

Jiografia na Mazingira, umesema ni dira na ramani ya darasa. Mapango ya Amboni yako kilometa nane hivi kutoka mjini, na ninaamini nusu ya watoto wa Makorora hawajayaona. Mkonge uliletwa huku na Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893, ukaujenga mji huu, na mtoto anaupita kila siku asijue ni nini. Baharini kwetu kuna silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, na amewekewa hifadhi tangu mwaka 2009. Sayansi gani nyingine mnaitafuta?

Mwalimu wa Zamu, Pongwe

Mzee, nakubali kila neno, ila watoto 120 hawapandi baiskeli yangu. Nikiomba mzazi achangie nauli ya Amboni, Mama wa Mabawa ataniandika tena.

Mama wa Mabawa

Nauli ya Amboni nitaitoa leo hii. Ninachokataa ni kulipia kipindi ambacho kiko kwenye ratiba.

Ustadhi wa Jioni, Ngamiani

Kwa kuwa mzigo wote umeangukia jioni, natangaza hapa ili mzazi asiseme hakuambiwa. Kuanzia muhula wa pili, chuo changu kitafunguliwa baada ya swala ya alasiri badala ya saa tisa, ili mwenye kurudia masomo ya shule ayarudie kwanza. Mwalimu, nawe uwaachie saa kumi.

Mwalimu wa Zamu, Pongwe

Ustadhi, nimekushukuru, lakini ratiba ya muhula wa pili imeshabandikwa ukutani. Wa darasa la nne wanatoka saa kumi na moja.