Nataka simu isiyomwaga namba za watu. GrapheneOS inatufaa watu wa kawaida?

MamaMemorial
Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nauza mitumba pale Memorial, na ni mweka hazina wa kikoba chetu. Simu yangu ina namba za wanachama wote, picha za vitambulisho vya NIDA vya waliokopa, na daftari la marejesho nililolipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Juzi kati namba ngeni imenitumia meseji: mwambie fulani alipe deni, tapeli mkubwa. Huyo fulani ni jirani yangu wa meza, anauza mashuka. Kumbe alikopa kwenye programu moja ya mikopo ya mtandaoni, ikamwomba ruhusa ya kuona majina kwenye simu, akakubali kama tunavyokubali wote bila kusoma. Alipochelewa wakawatumia watu wake wote, mpaka mchungaji, mpaka mkwewe. Na mkwe akishapata meseji ya namna ile, hilo deni si la hela tena.

Mtoto wa dada yangu anasoma Arusha, anasema dawa ni GrapheneOS, mfumo wa Android usiokuja na programu za Google, unaouweka badala ya ule wa simu. Mimi nina Samsung, hizi za A, bado nzima. Inawezekana kwenye hii hii? M-Pesa je? Na WhatsApp, maana wateja wangu wote wako huko? Msinijibu kwa lugha ya kompyuta tafadhali.

MzeeWaKiusa
Dada, rudi kwenye kiswaswadu, ulale usingizi.

FundiKaloleni
Mzee, akirudi kwenye kiswaswadu wateja wa WhatsApp utawahudumia wewe?

Dada, mpe pole mwenzio. Mimi ni fundi simu hapa Arusha, na simu yangu mwenyewe ni Pixel yenye GrapheneOS.

Samsung yako haiwezi. GrapheneOS inakaa kwenye Pixel za Google tu. Ndiyo, inachekesha, unamkimbia Google kwa kumnunulia simu. Sababu ni kwamba Pixel ina chipu nzuri ya usalama, na inakuruhusu kufungua kufuli la mfumo (mafundi tunaita butiloda), kuweka mfumo mwingine, halafu ulifunge tena. Kuna mfumo mwingine, LineageOS, unakubali simu za kampuni nyingi, zikiwemo baadhi ya Samsung, lakini kwa kawaida kufuli linabaki wazi. Simu ikichomolewa kwenye daladala, mwizi mjuzi ana pa kuanzia. Kwa mtu anayetunza vitambulisho vya wenzake, sishauri.

Ukipata Pixel ya mtumba, kukagua mtumba unanishinda, ila hili usiliache: zile zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, hazifunguki. Kabla hujatoa hela, muuzaji aiunganishe na intaneti, aingie kwenye mipangilio ya wasanidi programu, muone kama kitufe cha kuruhusu kufuli lifunguliwe (OEM unlocking) kinabonyezeka. Kikiwa kimefifia, mrudishie simu yake. Mfuko ukiruhusu anzia Pixel 8, Google wameziahidi masasisho ya miaka 7 tangu zitoke. Pixel 6 na 7 ni miaka 5.

M-Pesa usiwe na wasi, *150*00# inapita kwenye laini, mfumo wa simu hauihusu. Kichwa kinauma kwenye programu za benki. Baadhi zinauliza kama simu imethibitishwa na Google, zikikosa jibu zinagoma. Mimi kuna moja ilinigomea, natumia menyu yao ya nyota na reli. WhatsApp inapiga kazi. Hata Google Play unaweza kuiweka, ila inakaa kama programu nyingine yoyote, haina ukubwa wowote humo ndani.

Unachokitafuta wewe kipo. Programu ikiomba orodha ya majina, unaweza kuifanya iamini imepewa, kumbe ikichungulia inakuta patupu, au inakuta wale tu uliowachagua. Haijui kama imenyimwa, kwa hiyo haina cha kukugomea. WhatsApp unaipa wateja, wanakikoba inabaki siri yako. Picha nazo vivyo hivyo.

Lakini dada, namba yako haikutoka kwenye simu yako. Ilitoka kwenye simu ya huyo wa mashuka. Ungekuwa na GrapheneOS siku ile, meseji ingekufikia tu. Unachonunua ni kwamba wanakikoba hawataumbuliwa kupitia kwako. Kwa mweka hazina hilo si dogo, ila ulijue kabla hujatoa hela.

Mama_Sheria_AR
Naongezea. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, mwenzio aangalie kama wake wamo. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Meseji asifute hata moja. Na wewe mweka hazina, kwa hizo picha za NIDA usijione uko nje ya sheria hiyo. Aliyemaliza deni, picha yake ya nini tena?

MamaMemorial
Hapo kwa namba kutokea kwa mwenzangu nimenyamaza kwanza. Asanteni sana. Pixel itasubiri robota lijalo liuzike. Kwa sasa nifanyeje na hii Samsung?

FundiKaloleni
Fungua mipangilio, nenda kidhibiti cha ruhusa, gusa Anwani. Utaona programu zote zinazosoma majina yako. Tochi, kikokotoo, michezo ya watoto, nyima zote, hazitadhurika. Picha za NIDA fanya kama dada wa sheria alivyosema, zinazobaki ziweke kwenye Folda Salama kama A yako inayo.

Siku ukipata Pixel tafuta kompyuta yenye Chrome, mfumo unawekwa kupitia humo, au uje kwangu. Kufungua kufuli kunafuta kila kitu, kwa hiyo ifungue ikiwa bado tupu. Na hiyo Samsung usiifute mpaka meseji zako za WhatsApp zimehamia upande wa pili. Waya uwe wa kupitisha data, hizi za kuchajia tu zinatupotezea sana muda.