KAFUNGULIA SODA singe yangu ya 1943!!!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka.

Yule jamaa. Sina haja ya kumtaja, kila Mswahili wa Sydney anamjua, na nyie wa Dar habari zake mmezisikia. Yule anayejua kila kitu, kuanzia giaboksi hadi mawe ya figo. Leo kwenye pilau ya watu kachukua singe yangu, kile kisu cha kuchomekwa mdomoni mwa bunduki, kaigeuza mara mbili kama anachagua papa mnadani, kasoma herufi MA pale bapa linapoanza, kacheka mpaka kapaliwa, kasema mbele ya kadamnasi: "MA ni Marekani hii. Umepigwa, mdogo wangu."

Halafu akafungulia soda.

AKAFUNGULIA SODA, wakuu.

MA ni Lithgow! Kiwanda cha serikali cha silaha ndogo, New South Wales, ng'ambo ya Blue Mountains. Vita ya Kwanza walikuwa wanagonga jina zima, LITHGOW. Vita ya Pili wakagonga MA. Basi! Nikamwambia, kaka, tazama mpini, mbao zimegongwa SLAZ. Hao ni Slazenger, wale wale wa raketi za tenisi, vita vilipokuja wakachonga mbao za bunduki na za singe. Akanijibu kwa sauti ya msibani: "SLAZ ni jina la askari aliyekufa nayo." Ukumbi mzima ukaguna, masikini. Wakamlilia SLAZ! Mimi niliyetoa pesa yangu hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.

Na ile 1907 iliyogongwa kwenye bapa je? Eti ndio mwaka ilipotengenezwa. 1907 ni jina la muundo! Kiwanda kilifunguliwa 1912! Mwaka wake upo palepale, 43, kaufunika kwa dole gumba lenye mafuta ya pilau. Kisha ndio soda. Kizibo kimeacha mkwaruzo kwenye kikingio cha mkono, nimepima, milimita 3. Chuma kimepita Vita ya Pili ya Dunia salama, kimekuja kuumizwa na soda ya machungwa!

Najua unasoma. MA NI LITHGOW.

Mpiga_Zumari: Naweka kambi hapa. Soda ilikuwa ya baridi?

MamaWawili: Mleta uzi, singe ilikuwa inatafuta nini kwenye pilau ya watu? Ulienda kula au kupindua serikali?

ChumaChakavu: Mimi nasimama na jamaa kidogo. Mashine za mwanzo za Lithgow zilinunuliwa Marekani, kwa Pratt & Whitney. Kwa hiyo Umarekani upo.

Mleta uzi: Cherehani ya fundi wako ilitoka Ujerumani, kanzu yako ya Idi ni ya Kijerumani? Na tusitoke kwenye mada. SODA. Kafungulia SODA.

Perth_Kwetu: Yangu mimi ina OA. Akiiona huyo atasema Oman 😂 Ni Orange, hukohuko New South Wales.

Mpiga_Zumari: Na yenye namba 3 na MD?

Perth_Kwetu: Wilaya ya Tatu ya Kijeshi, Victoria. Akiulizwa yeye, utaambiwa Mtoni Darajani.

Mjukuu_wa_KAR: Mkwaruzo wa milimita 3 ndio unalia? Babu yangu alikwenda Burma na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Nishani yake binamu yangu kaisugua kwa majivu na stilwaya "ing'ae". Mfalme George wa Sita hana pua tena. Hana PUA.

ChumaChakavu: Pole sana. Mimi fundi kanipigia msasa singe nzima, na X iliyokuwa kwenye bapa kaifuta, akidhani mtoto kachora. X ile inaonyesha bapa lilipindwa makusudi kupimwa likarudi! Kanidai na hela ya msasa.

Perth_Kwetu: Ala yangu ya ngozi, imegongwa MANGROVITE, jina la watengenezaji, vizuri kabisa. Shemeji anahifadhia vijiti vya mishkaki.

Mleta uzi: Poleni, lakini huyu mtu alifungulia soda mbele ya

MamaWawili: Kwani mliokuwepo leo, ile pilau mbona haikuwa na viazi? Hilo hamlisemi.

Mjukuu_wa_KAR: Viazi kwenye pilau mnatoa wapi nyie?

MamaWawili: Rudia hiyo kauli.

Mpiga_Zumari: Kwetu Tanga bila viazi mgeni haondoki na amani.

Mleta uzi: Wakuu, singe.

ChumaChakavu: Subiri kwanza mkuu, hili la viazi ni zito.