Naomba ushauri: plasta ya saruji kwenye nyumba ya kale

Habari zenu ndugu zangu. Nina miezi mitano tu kazini kama mshauri wa mipango katika shirika la hisani linalohifadhi majengo ya kale. Nasoma maombi ya ujenzi, kisha naiandikia mamlaka ya mipango maoni yetu.

Sasa nimekwama. Mwenye nyumba ya mawe iliyojengwa kwa chokaa anataka kubandua plasta yote ya zamani apige saruji, kwa kuwa kuta zina unyevu. Saruji itazuia ukuta kupumua. Maji yatanaswa ndani na chumvi itayala mawe polepole. Hata hivyo namwelewa, maana wanae wanalala humo. Nimemshauri atumie chokaa, na kwanza akague mifereji ya paa, ambayo mara nyingi ndiyo chanzo. Amejibu kwamba mafundi wa chokaa hawapatikani. Zimebaki siku sita za kutoa maoni.

Je, niweke pingamizi moja kwa moja, au nikubali kwa masharti, mfano kuanza na ukuta mmoja wa majaribio? Na hoja hii ya unyevu, mnamwelezaje ofisa asiye na ujuzi wa ujenzi?

Natanguliza shukrani.