Mafundi mnaochoma stata kwa matairi hapa Dodoma, mnaua mota zetu halafu mnatudai hela ya waya

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Huu ni msimu wa alizeti, magunia yamejaa mpaka nje ya godauni, na mota ya mashine ya kukamua, kilowati 15, fezi tatu, imelala tena. Waya haujaungua. Waya ni mpya, unang'aa. Kilichokufa ni chuma.

Mota iliungua koili baada ya fezi moja kukatika, hilo halina ubishi. Tukaipeleka isukwe upya kwenye karakana moja hapa mjini, sitaitaja. Vanishi ya zamani, ile inayogandisha waya wa koili, ikishakauka haitoki kwa kuvuta, lazima ilainishwe kwa joto, nalo nakubali. Sasa jamaa hana tanuri. Kaitoa stata, ile sehemu ya chuma isiyozunguka inayobeba koili, akaiweka uani, kajaza vipande vya tairi ndani, kamwagia oili chafu, kawasha. Kijana wangu aliyeisindikiza alirekodi kwa simu: meno ya stata yamekuwa mekundu mchana kweupe, maana yake ameshapita nyuzi 600. Kuona haipoi haraka, akaimwagia ndoo ya maji. Ndoo nzima!

Nilipomfuata nikaambiwa, "Bosi, hata kiwandani hivi vyuma vinachomwa. Moto unaviongezea sumaku."

Hiyo kauli ndiyo iliyonipandisha presha, kwa sababu ina ukweli nusu. Kiwandani ni kweli vinachomwa. Bati nyembamba zinazopangwa kuunda stata ni chuma chenye silikoni kidogo, kwa kawaida haizidi asilimia 3 na ushee, na kila bati lina unene wa kama milimita 0.5. Likikatwa kwa presi, kingo zake zinaminywa, chembe za chuma zinavurugika, na chuma kinakuwa kigumu kugeuza sumaku yake. Mota yetu inataka sumaku igeuke kufuata umeme wa hezi 50, kila sekunde, siku nzima. Kwa hiyo bati za aina fulani zinafanyiwa anilingi: nyuzi 750 hadi 850, ndani ya tanuri lililojazwa naitrojeni ili hewa isiingie, joto sawa pande zote, kisha zinapozwa taratibu. Baada ya hapo ndipo nyingi zinapewa ngozi ya oksidi ili bati na bati zisipitishiane umeme. Aloi za nikeli zina deko zaidi: zinachomwa kwenye haidrojeni kwa zaidi ya nyuzi 1,000, na ukiziangusha sakafuni baadaye umeharibu kazi yote.

Haya, tairi lina naitrojeni gani? Ndoo ya maji ndiyo kupoza taratibu?

Ile ngozi katikati ya bati ndiyo inayozuia mikondo ya umeme isizunguke ndani ya chuma. Bati mbili zikishikana, kwa umeme zinakuwa bati moja nene, na unene ukizidi mara mbili hasara ya hiyo mikondo inazidi mara nne. Kutoa vanishi hakuhitaji mekundu yale. Karakana zinazojielewa zinaweka stata kwenye tanuri lenye kipimo, nyuzi 350 hadi 370, na kuiacha humo masaa kadhaa. Basi.

Ubaya haukuishia hapo. Meno yalipinda, rota, ile sehemu inayozunguka ndani, ikawa inagusa, akachukua tupa akasaga kwa ndani! Kusaga kule kunapaka chuma bati zishikane, na kunapanua nafasi kati ya stata na rota, kwa hiyo mota inavuta ampea zaidi hata kabla hujaipa mzigo. Kibati cha mota kinasema ampea 29 ikiwa na mzigo kamili. Mota ya aina hii ikizunguka tupu ningetegemea 11 au 12. Klampu mita, kile kipimo cha ampea cha kubana waya, ilinionyesha 19, mkanda umetolewa kabisa. Na msije kuniambia amepunguza mizunguko ya waya kwenye koili. Fundi mwingine kaifungua, kahesabu, ni ileile ya mwanzo, hata waya ni saizi ileile.

Huyo wa pili ndiye aliyeonyesha ugonjwa. Alitoa rota, akazungushia kebo kwenye kiini cha stata, yaani lile rundo la bati, ikipita ndani na kurudi kwa nje, akaipa umeme. Muda si mrefu upande mmoja ulikuwa vuguvugu, upande wa pili, pale tairi lilipokuwa limelundikwa, hauwezi kuweka kiganja. Jaribio hilo linatakiwa lifanyike kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma. Nani anafanya hapa?

Nimemrudia yule wa kwanza. Anasema koili "imekula joto", nilete hela asuke tena. Aisuke juu ya chuma kile kile! Ovalodi, ile kinga ya mota, inakata kabla debe halijajaa mafuta, LUKU inakimbia, wakulima wananiangalia mimi.

Nataka hela yangu ya kusuka irudi, na nataka stata nyingine. Video ninayo, vipimo ninavyo, na risiti aliandika kwa mkono wake.

Wadau wa Dodoma, Singida na Morogoro: nani anajua karakana yenye tanuri la kuchomea lenye kipimo cha joto kinachofanya kazi, na wanaopima kiini kabla ya kugusa koili? Wekeni hapa hapa uzini. Wenye matairi msinifuate inboksi.