Kitelugu na Kiassam daraja moja: ni haki, au kipimo kimelegezwa?

Mleta mada
Wakuu, naomba tujadili hili kwa hoja. Tarehe 3 Oktoba 2024 Baraza la Mawaziri la India lilikipa Kiassam, lugha ya jimbo la Assam, hadhi rasmi ya lugha ya kale, pamoja na Kimarathi, Kibengali, Kipali na Kiprakriti. Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, kilikuwa nayo tangu 2008. Julai 2024, miezi michache kabla ya uamuzi huo, kamati ya wataalamu ilibadilisha vigezo. Kile kilichotaka fasihi ya lugha iwe asilia, isiyoazimwa kwa jamii nyingine, kikaondolewa. Badala yake kukawekwa mkazo kwenye nathari na maandishi ya mawe.

Msimamo wangu ni kwamba lugha hizi mbili hazikustahili daraja moja. Kitelugu kina jiwe la Kalamalla, wilaya ya Kadapa, la watawala wa Renati Chola, mwaka 575 hivi, na limeandikwa kwa Kitelugu chenyewe. Mawe ya kale ya Kamarupa, ufalme uliokuwa Assam, yameandikwa kwa Kisanskriti, likiwemo la Umachal la karne ya 5. Fasihi ya Kiassam ambayo hakuna anayebisha ni ya Kiassam inaanza na mshairi Hema Saraswati, karne ya 13. Sharti ni maandishi yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Iko wapi?

Mwanafasihi
Mkuu, hesabu hiyo ipige pande zote mbili. 2008 toa 575 ni 1,433. Kwa jiwe lenye sentensi kamili, Kitelugu nacho hakikufika 1,500 siku kilipopewa hadhi. Ili kurudi nyuma zaidi lazima utegemee maneno na majina ya Kitelugu yaliyo ndani ya maandishi ya Kiprakriti, kama yale ya Bhattiprolu. Ni ushahidi halali, ila ni wa aina ileile ambayo Kiassam kinakataliwa nayo: chembe za lugha ya wenyeji ndani ya maandishi ya lugha kubwa.

Njoo kwenye fasihi. Mshairi wa kwanza wa Kitelugu anayetambuliwa na wote ni Nannaya, karne ya 11, Rajahmundry, kwa mfalme Rajaraja Narendra. Kazi yake ni Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu, iliyogeuzwa kutoka Kisanskriti, na hakuimaliza. Tikkana na Errana ndio waliokuja kuikamilisha. Kwa upande wa Kiassam, Madhava Kandali aliigeuza Ramayana, utenzi mwingine kama huo, katika karne ya 14. Kigezo cha "isiyoazimwa" kingesomwa kwa ukali, Nannaya angeanguka pamoja na Kandali. Kilikuwa kigezo kibovu tangu mwanzo, maana mshairi anayegeuza hadithi kubwa kwa lugha yake huwa anaijenga upya lugha hiyo.

Na kwa nathari, Kiassam hakina cha kuonea aibu. Bhattadeva aliandika Bhagavata, kitabu cha dini ya Kihindu, kwa nathari mwishoni mwa karne ya 16. Kuna pia buranji, tarikh za wafalme wa Ahom waliotawala Assam, zilizoanza kuandikwa kwa Kiahom, lugha ya jamii ya Kithai, kisha zikahamia Kiassam.

Mleta mada
Kwenye hesabu nakubali. Hata hivyo, pengo la zaidi ya miaka 600 kati ya jiwe la 575 na Hema Saraswati haliwezi kufutwa kwa kusema "wote wana upungufu". Najua mtaniletea Charyapada, mashairi 47 hivi ya Kibuddha ambayo Haraprasad Shastri aliyapata Nepal mwaka 1907. Mashairi yaleyale yanadaiwa pia na majirani: Wabengali, Waodia na Wamaithili. Urithi wa pamoja mtauhesabu mara ngapi?

Mwanaisimu
Ndugu, hapo kwenye Charyapada tuangalie sarufi badala ya bendera. Katika mashairi hayo kikanushi "na" huja kabla ya kitenzi. Kibengali cha leo hukiweka nyuma: *kore na*, hafanyi. Kiassam kimekibakiza mbele na kukigandisha kwenye kitenzi, na irabu yake inafuata irabu ya kitenzi: *nokore* hafanyi, *nilikhe* haandiki, *nuxune* hasikii. Hii haithibitishi kwamba Charyapada ni Kiassam. Kibengali nacho hutanguliza kikanushi katika sentensi za masharti. Inathibitisha kwamba Kiassam kimetunza mpangilio wa zamani, na kwamba si lahaja ya Kibengali, dai lililowaumiza Waassam kwa muda mrefu.

Tena tuache kuzilinganisha kama watoto wa mama mmoja. Kitelugu ni cha ukoo wa Kidravidi. Kiassam ni Kiindo-Arya, jamaa wa mbali wa Kiajemi. Kinachozileta karibu ni maneno ya Kisanskriti yaliyoingia kotekote. Chukua "watu wawili" na "vitabu viwili". Sisi tunabadilisha kiambishi cha mbele. Mtelugu hubadilisha namba yenyewe: *iddaru manushulu*, lakini *rendu pustakalu*, kwa sababu binadamu wana namba zao. Muassam haibadilishi namba. Anaibandikia kipande kinachotaja umbo au heshima: *duzon manuh*, *dukhon kitap*. -zon ni mtu wa heshima, -khon kitu bapa, -dal kirefu chembamba, -khila jani au karatasi. Kipande -tu ni cha vitu. Ukikitumia kwa mwanamume umemvunjia heshima. Na *kitap* ndiyo kitabu chetu, kutoka Kiarabu.

Kwa baba, Kiassam kina *deuta* kwa babangu, *deutara* kwa babako, *deutak* kwa babake. Mswahili hashangai. Kitelugu nacho kinatufanana kwa kupenda kumalizia neno kwa irabu: basi kwao ni *bassu*.

Kwenye sauti wanaachana kabisa. Kitelugu kinatofautisha t ya meno na t ya ulimi uliokunjwa: *pata* yenye a ndefu na t ya meno ni "-a zamani", na yenye t ya kukunja ni "wimbo". Wamvita wenye t mbili watalielewa hilo haraka. Kiassam kinaandika herufi zote mbili lakini kinazitamka sawa, ndiyo maana wanafunzi huzichanganya katika imla. Na s tatu za maandishi kwa kawaida husomwa karibu na kh ya "kheri".

Fundi wa herufi
Wakati mnabishania karne, kuna jambo la leo linalokiumiza Kiassam kuliko Kitelugu. Kitelugu kina fungu lake katika Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake ya kompyuta, 0C00 hadi 0C7F. Kiassam kimewekwa ndani ya fungu linaloitwa la Kibengali, 0980 hadi 09FF, na herufi zake mbili za pekee, ৰ (ra) na ৱ (wa), ziko 09F0 na 09F1, baada ya tarakimu. Programu ikipanga maneno kwa kufuata namba za msimbo tu, maneno yote ya ra yanatupwa mwisho wa kamusi, ilhali mahali pake ni kati ya ya na la.

Kosa la pili: watu huandika র ya Kibengali kwa sababu kwenye skrini ndogo zinafanana. Ukitafuta ৰং, yaani rangi, hupati ukurasa ulioandikwa রং. La tatu ni য়, ambayo huhifadhiwa kama msimbo mmoja au kama য pamoja na nukta yake. Kinga ni hizi: pitisha maandishi yote kwenye NFC, usawazishaji unaofanya herufi moja ihifadhiwe kwa namna moja tu, kabla ya kuyaingiza kwenye faharasa, tumia kanuni za upangaji za "as" (Kiassam) na si "bn" (Kibengali), na utafutaji uzione ra mbili kama moja. Kitelugu nacho kimewahi kuleta balaa: Februari 2018 kikundi kimoja cha herufi zilizounganishwa, జ్ఞా chenye alama isiyoonekana ndani yake, kilikuwa kikiangusha programu za iPhone mpaka Apple wakatoa sasisho.

Mwanahistoria
Mleta mada, usiitazame hadhi hii kama kombe. Kuanzia 1836 hadi 1873 Kibengali ndicho kilichokuwa lugha ya mahakama na shule Assam, chini ya Waingereza. Jarida la *Orunodoi*, lililoanzishwa Sivasagar mwaka 1846 na wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani, lilisaidia kukiweka Kiassam hai katika maandishi. Watelugu milioni 81 wa sensa ya 2011 hawakuwahi kuambiwa kwamba lugha yao haipo. Waassam milioni 15 waliambiwa. Ila tusifiche upande wa pili: Kiassam kilipofanywa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1960, Wabengali wa bonde la Barak, kusini mwa Assam, walipinga, na tarehe 19 Mei 1961 watu 11 waliuawa kwa risasi za polisi Silchar.

Mleta mada
Nimesoma yote. Hoja ya Nannaya imenibadilisha kuhusu kigezo cha uasilia. Kuondolewa kwake naona ni sahihi. Kwenye miaka 1,500 sijasogea. Na tukumbuke kwamba hadhi haileti kazi yenyewe. Kituo cha utafiti wa Kitelugu cha kale kilianzia Mysuru, nje ya majimbo ya Kitelugu, na ilipita zaidi ya miaka 10 tangu 2008 kabla hakijahamia Nellore. Kiassam kikipata chake, kiwekwe Assam tangu siku ya kwanza, na kianze na buranji: zipigwe picha, kisha ziandikwe upya kwa ৰ sahihi.