Nataka kuunda mashua ndogo ya tanga nyumbani, niko Dodoma (msicheke kwanza)

seremala_wa_jioni
Wakuu habari za jioni. Niko Ipagala, kazi yangu ya ofisini, useremala najifunzia tu, nimeshatengeneza kitanda na kabati la jiko so msumeno na randa vinanijua. Sasa nimeingiwa na wazimu wa kuunda kamashua ka tanga, futi 8 hivi, ka mimi na mtoto, wikiendi nakafunga kwenye keria ya gari hao bwawani Hombolo. Fundi mmoja kaniambia chukua mbao za mninga, piga misumari, paka rangi ya mafuta, imeisha hiyo. Moyo umekataa. Nitumie mbao au plaiwudi? Na tanga je? Mama watoto ameshasema uani kwake hakuna bandari.

mtoto_wa_Pangani
😂😂 zabibu zimeisha huko mpaka mnaunda vyombo?
Haya mkuu, mbao achana nazo. Huku kwetu mashua inashinda majini, mbao inakunywa maji inavimba, viungo vinabana na kalafati (pamba ya kuziba viungo) inashika. Yako itakaa siku sita kwenye jua la Dodoma siku moja majini, mbao zitanywea, viungo vitaachia, ukifika Hombolo kazi yako ni kukumba maji tu. Halafu huo mninga utaupandisha kwenye keria na nani?
Nenda na plaiwudi. Ile mashua ya watoto inaitwa Optimist, aliyoichora Clark Mills kule Florida mwaka 1947 ina mita 2.3 tu, ilipigiwa hesabu itoke kwenye plaiwudi mbili za futi 4 kwa 8. Na kuna njia ya kushona, Waingereza waliifanya ijulikane kwa mashua yao ndogo ya Mirror mwanzoni mwa miaka ya 1960: unakata vipande, unatoboa vitundu pembeni, unavishona kwa waya mwembamba mpaka umbo linakaa, kwa ndani unajaza epoksi (ile gundi ya kuchanganya vimiminika viwili) iliyochanganywa na unga laini wa mbao, unalaza utepe wa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu yake, ikikauka unakata waya unaotokeza nje. Mataruma (mbavu za ndani ya chombo) karibu huhitaji.

fundi_Nkuhungu
Naongezea kwenye plaiwudi maana hapo ndo watu wanalizwa. Ile plaiwudi inayoitwa marini bodi, ya kumwagia zege, isikudanganye kwa jina. Kwenye ile ngozi yake ya kahawia epoksi haishiki mpaka uikwangue yote, na gundi ya ndani inategemea na bahati yako. Kata kipande, chemsha saa nzima, kausha, rudia. Kikiachia tengenezea shelfu. Mimi nilishamuundia mjomba kidau cha kuvulia bwawa la Mtera, kingo sikuziziba, miezi michache tu tabaka zikafunguka kama chapati.
Epoksi changanya kidogokidogo, alfajiri. Nilikoroga nusu lita saa saba mchana mwezi wa kumi, kopo likafuka moshi mkononi.

seremala_wa_jioni
Duh asanteni. Na tanga?

mtoto_wa_Pangani
Turubai inatosha kuanzia, shona pindo mara mbili. Mlingoti tafuta mti ulionyooka usio na vifundo, mwepesi. Usichosahau ni ule ubao wa kushusha katikati ya chombo mpaka chini majini, bila huo upepo wa ubavuni unakupeleka kando tu, kupiga bisho (kwenda kinyume na upepo kwa kukata kushoto na kulia) ndo usahau, utarudi kwa miguu umebeba mashua kichwani. Chini ya viti funga madumu matupu yenye vifuniko ili ikipinduka ielee, na majaketi ya kuokolea muwe mmeyavaa. Habari za usajili waulize TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, kabla hujashusha.

fundi_Nkuhungu
Na upepo wetu wa mwezi wa nane mnaujua, jifunze asubuhi. Mtera usipeleke mtoto kabisa, kule kuna mamba na viboko.

seremala_wa_jioni
Mrejesho: nimechemsha kipande leo saa nzima. Kimeachia. Natafuta plaiwudi nyingine, na sufuria jingine, maana hili la mama watoto lina gundi.